Watu Waliofutwa Daftarini

Ndugu msomaji, twaa kitambulisho chako, ukitazame. Kina jina lako, picha yako, mahali ulipozaliwa, na muhuri wa serikali. Kwa macho ni kitu kidogo tu: chaweza kulowa mvua kikaharibika, nawe ukaenda ofisini kuomba kingine. Lakini ungefanyaje kama karani, badala ya kukupa kipya, angekichukua kile cha zamani, akakitoboa mbele ya macho yako, akakuambia ya kuwa wewe si mkazi tena wa mji uliokaa ndani yake miaka ishirini?

Jambo hilo si hadithi ya kubuni. Lilitokea Ulaya, katika nchi ya Slovenia, nalo lilianza mwaka 1992. Hesabu ya serikali yenyewe, iliyotolewa mwaka 2009, ilionyesha kwamba waliopatwa nalo walikuwa watu 25,671. Katika lugha ya nchi ile waliitwa izbrisani, yaani waliofutwa.

Slovenia ni nchi ndogo, yenye watu wapata milioni mbili, nayo imepakana na Italia, Austria, Hungaria na Kroatia. Mji wake mkuu ni Ljubljana. Kabla ya mwaka 1991 haikuwa dola peke yake, bali ilikuwa moja ya jamhuri sita zilizounganishwa pamoja kwa jina la Yugoslavia. Katika muungano ule mtu alikuwa na uraia wa namna mbili kwa wakati mmoja. Wa kwanza ulikuwa uraia wa Yugoslavia nzima, nao ndio uliomfaa safarini na kazini. Wa pili ulikuwa uraia wa jamhuri yake, nao ulikuwa umeandikwa katika madaftari, lakini katika maisha ya kila siku haukuwa na uzito wo wote. Mfanyakazi wa Bosnia aliweza kuhamia Slovenia, akapata kazi kiwandani au migodini, akaandikishwa kuwa mkazi wa kudumu, akaoa, akazaa watoto, bila mtu kumwuliza jamhuri yake ni ipi. Wala watoto wake hawakujua. Mtoto aliyezaliwa Ljubljana aliweza kuandikwa kuwa wa Kroatia au wa Serbia kwa ajili ya wazazi wake, naye akakua, akasoma, akaajiriwa, pasipo kulijua neno lile lililoandikwa karibu na jina lake.

Hapo ndipo shida yote ilipojificha. Tulipokuwa shuleni tulifundishwa methali ya Kilatini ya wanasheria, isemayo ya kuwa kitu kisichomo katika maandiko hakimo duniani. Tuliicheka wakati ule, kwa maana tuliona kama ni majivuno ya makarani. Habari za Slovenia zimenionyesha kwamba haichekeshi.

Tarehe 23 Desemba 1990 wenyeji wa Slovenia walipiga kura kuamua kama wanataka kujitawala. Wengi mno walikubali. Lakini katika nchi ile walikuwako watu wapata 200,000 waliotoka katika jamhuri nyingine, ama wao wenyewe, ama wazazi wao. Yaani katika kila watu kumi, mmoja. Nao pia walikuwa na haki ya kupiga kura siku ile. Ili wasiingiwe na hofu, Bunge lilikuwa limetoa tamko la nia njema siku ya 6 Desemba 1990, likiahidi kwamba kila mtu wa taifa lingine mwenye makazi ya kudumu Slovenia ataweza kupata uraia wa nchi mpya akitaka. Ahadi ile ilikuwa wazi, na watu waliiamini.

Uhuru ulitangazwa tarehe 25 Juni 1991, pamoja na sheria zake. Sheria ya uraia ilisema kwamba mtu wa jamhuri nyingine aliyekuwa na makazi ya kudumu siku ile ya kura, na aliyekuwa akikaa Slovenia kweli, aweza kuomba uraia katika muda wa miezi sita. Watu zaidi ya 170,000 waliomba, wakapewa. Hili yafaa tulisema kwa haki, kwa maana si nchi nyingi zilizofungua mlango mpana namna ile. Na majirani wengine wa Slovenia, katika miaka ile ile, walifanya mabaya yaliyo makubwa kuliko haya.

Lakini muda wa maombi uliisha tarehe 25 Desemba 1991, na wako ambao hawakuomba. Kwa nini hawakuomba? Sababu ni nyingi, wala si zote za uzembe. Wengine walidhani ya kuwa, kwa kuwa wamezaliwa Slovenia, ni raia tayari. Wengine walidhani kwamba hati yao ya ukazi yatosha, kama ilivyotosha siku zote. Wengine walikuwa wagonjwa, au walikuwa safarini, au walitakiwa kuleta cheti cha kuzaliwa kutoka mji ambao vita ilikuwa imekata njia zake. Wengine waliomba wakakataliwa, hasa waliokuwa askari wa jeshi la Yugoslavia. Na wengine hawakutaka kuomba, kwa maana hawakuona sababu ya kubadili uraia ili wakae nyumbani mwao. Baadaye ilisemwa mitaani na magazetini ya kuwa waliofutwa wote walikuwa maadui wa uhuru wa nchi. Wenye kusema hivyo hawakueleza mama aliyekuwa akifagia sakafu za hospitali alikuwa adui kwa namna gani, wala mtoto wa miaka minane.

Na kweli, hakuna sheria iliyosema waziwazi kwamba watu hao wafutwe. Sheria ya wageni ilisema tu kwamba, miezi miwili baada ya muda wa maombi kwisha, wale wasioomba wataanza kuhesabiwa chini ya sheria ile, yaani kuwa wageni. Haikusema neno juu ya ukazi wao wa kudumu: je, utaendelea, ama utakwisha? Kulikuwa na pengo. Nalo pengo lile wakuu wa Wizara ya Mambo ya Ndani walilijaza kwa maagizo waliyoyatuma katika ofisi za wilaya. Siku ya 26 Februari 1992 majina yalitolewa katika daftari la wakazi wa kudumu na kutiwa katika daftari la wageni wasio na ruhusa. Hakuna aliyeandikiwa barua. Hakuna aliyeitwa kujieleza. Mtu alilala usiku akiwa mkazi, akaamka asubuhi akiwa mgeni aliyeingia nchini pasipo ruhusa, ijapokuwa hakuvuka mpaka wo wote. Mipaka ndiyo iliyomvuka yeye.

Walijua mmoja mmoja, kila mtu kwa siku yake. Huyu alikwenda kubadilisha kadi yake ya kuendeshea gari. Yule alikwenda kuandikisha mtoto mchanga. Wengine walitumiwa wito wa kuja ofisini kutengeneza karatasi zao, wakaja kwa furaha na kitambulisho mkononi na pasi mfukoni. Karani akazipokea, akazitoboa au akazikata kwa mkasi, akawarudishia vipande. Kila mmoja alifikiri kwamba ni kosa la karani, au bahati yake mbaya peke yake. Kwa aibu hawakuambiana. Ndiyo sababu jambo lililowapata watu elfu ishirini na tano katika nchi ndogo liliweza kukaa gizani miaka mingi.

Na sasa tuangalie mtu asiye na ukazi hupoteza nini. Kwanza hupoteza kazi, kwa maana tajiri haruhusiwi kumwajiri. Akipoteza kazi, hupoteza bima ya matibabu. Miaka aliyolipia malipo ya uzee huwa kama haikuwako. Nyumba nyingi wakati ule zilikuwa mali ya umma, na sheria ya mwaka 1991 iliwapa wapangaji nafasi ya kuzinunua kwa bei nafuu. Lakini nafasi hiyo ilikuwa ya raia, na aliyefutwa alibaki akitazama jirani zake wakinunua milango iliyo kushoto na kulia kwake. Hakuweza kuoa wala kuolewa kiserikali. Polisi wakimsimamisha njiani, hana la kuonyesha. Wengine walipelekwa mpakani, wakatupwa katika nchi ambazo hawakupata kukaa. Wengine nchi zile nazo ziliwarudisha. Na aliyetoka kwa hiari yake, labda kwenda kumzika mzazi, hakuweza kurudi kwa mkewe na watoto. Miongoni mwa waliopeleka malalamiko yao Strasbourg baadaye alikuwamo fundi wa viatu, mtu aliyekuwa na duka lake la kazi, ambaye kwa kukosa karatasi alishindwa na kodi ya duka, akaishia katika ufukara.

Hapa yatupasa kutofautisha maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Mkimbizi, kwa Mkataba wa Geneva wa tarehe 28 Julai 1951, ni mtu aliye nje ya nchi yake, ambaye kwa hofu ya haki ya kuteswa, kwa sababu ya kabila lake, dini yake, taifa lake, kundi lake au mawazo yake ya siasa, hawezi kujitia chini ya ulinzi wa nchi ile. Mtu asiye na uraia, kwa Mkataba wa New York wa tarehe 28 Septemba 1954, ni yule ambaye hakuna dola yo yote inayomhesabu kuwa raia wake kwa sheria zake. Mkimbizi aweza kuwa na uraia. Na asiye na uraia aweza kuwa hajakimbia mahali popote. Mkataba mwingine ulifuata tarehe 30 Agosti 1961, wenye shabaha ya kuzuia watu wasipoteze uraia wala kuzaliwa pasipo uraia. Nasi katika nchi za Maziwa Makuu twajua jinsi uraia unavyoweza kutolewa na kuondolewa kwa kalamu: watu waliopewa na sheria ya Zaire ya mwaka 1972 walinyang'anywa na sheria ya mwaka 1981.

Je, waliofutwa wa Slovenia walikuwa wa fungu lipi? Jibu halikuwa moja kwa wote. Wengi wao kwa maandiko walikuwa raia wa jamhuri nyingine, na maofisa walisema: basi, nendeni kwenu mkachukue pasi. Lakini kwao ni wapi? Bosnia iliwaka moto wa vita tangu Aprili 1992. Ofisi ziliungua pamoja na madaftari yao. Wengine walikuta kwamba katika ile inayoitwa nchi yao hawakuandikwa popote, na hao ndio waliokosa uraia kabisa. Wakati ule ule makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Bosnia waliingia Slovenia, wakapokewa, wakapewa kadi za ulinzi wa muda. Ilikuwa kazi ya huruma, nayo yastahili sifa. Ila likatokea jambo la ajabu: aliyefika jana akikimbia mabomu alikuwa na kadi, na jirani yake aliyekaa pale miaka thelathini hakuwa nayo.

Na liko la ajabu zaidi. Mtu wa Italia au wa Ujerumani aliyekuwa na ruhusa ya kukaa Slovenia kabla ya uhuru aliendelea kukaa kwa ruhusa ile ile, bila kusumbuliwa. Sheria ya wageni ilimlinda kwa kifungu chake. Mgeni wa kweli alibaki na haki yake. Aliyekuwa mwananchi mwenzao katika dola moja hadi juzi ndiye aliyeporwa. Majaji walilirudia neno hili mara kwa mara, nami nadhani ndilo lililowashinda kabisa mawakili wa serikali, kwa maana hawakuwa na jibu la kulieleza.

Mahakama ya Katiba ya Slovenia yenyewe ndiyo iliyotamka kwanza, tena kwa ujasiri. Tarehe 4 Februari 1999 ilisema kwamba sheria ile ilivunja Katiba kwa kuacha pengo lile, na kwamba watu wale hawakupaswa kufanywa wageni sawa na mtu aliyeingia jana. Bunge likatunga sheria mpya mwaka ule ule, likiwapa watu miezi mitatu tu ya kuomba ukazi. Tena, ruhusa iliyotolewa ilianza siku ya kutolewa. Miaka iliyopotea ilibaki imepotea. Ndipo mwaka 2002 waliofutwa walipounda chama chao. Hapo wakaanza kuonana uso kwa uso na kutambua wingi wao. Tarehe 3 Aprili 2003 Mahakama ya Katiba ikasema mara ya pili: ukazi wao urudishwe tangu siku ile ya 26 Februari 1992, kana kwamba haukukatika kamwe.

Kama hukumu zingetosha, habari zetu zingekoma hapa. Serikali ilileta sheria ndogo ya kutimiza hukumu hiyo, wapinzani wakadai ipelekwe kwa wananchi, na tarehe 4 Aprili 2004 kura ikapigwa. Waliokwenda kupiga kura walikuwa wapata 31 katika kila watu mia. Katika hao, zaidi ya 94 kwa mia waliikataa sheria. Mwalimu aweza kuwaeleza wanafunzi wake faida za kura ya wananchi kwa siku nzima, lakini lazima aeleze na hili pia: kwamba walio wengi waliulizwa kama waliokosewa warudishiwe haki ambayo Mahakama kuu ya nchi ilikwisha kusema ni yao, nao wakajibu hapana. Waliofutwa wenyewe, kwa kuwa hawakuwa raia, hawakuwa na kura katika jambo lao. Hata mwezi haukupita, tarehe 1 Mei 2004, Slovenia ikaingia katika Umoja wa Ulaya kwa fataki na nyimbo.

Basi wakaenda mbali. Slovenia ilikuwa imekubali Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu mwaka 1994, nao Mkataba huo una mahakama yake katika mji wa Strasbourg, nchini Ufaransa. (Msomaji asichanganye: mahakama hii si ya Umoja wa Ulaya, bali ni ya Baraza la Ulaya, chama kingine chenye nchi nyingi zaidi.) Serikali ilijitetea kwamba mambo ya mwaka 1992 yalitangulia mkataba wa 1994. Majaji wakajibu kwamba kufutwa hakukuwa tukio la siku moja. Mtu asiye na karatasi leo bado amefutwa leo. Hukumu ya kwanza ilitoka tarehe 13 Julai 2010. Slovenia ikakata rufani mbele ya Baraza Kuu la majaji kumi na saba, na tarehe 26 Juni 2012 Baraza Kuu likaamua kwamba nchi ile ilivunja haki ya watu hao ya maisha yao binafsi na ya jamaa zao, ikawanyima njia ya kweli ya kudai haki, na ikawabagua. Walalamikaji sita waliamriwa kulipwa euro 20,000 kila mmoja kwa ajili ya uchungu walioupata, na nchi ikaamriwa kutengeneza mpango wa kuwalipa na wengine.

Mpango ulitungwa katika sheria ya mwaka 2013, ukaanza kutumika tarehe 18 Juni 2014: euro 50 kwa kila mwezi ambao mtu alikuwa amefutwa. Tufanye hesabu pamoja, kama darasani. Aliyefutwa miaka kumi ana miezi 120. Atapata euro 6,000. Ili afikie zile euro 20,000 za Strasbourg ingempasa awe amefutwa miezi 400, yaani miaka zaidi ya thelathini na mitatu. Sheria iliacha pia nafasi ya kudai zaidi mahakamani, lakini kwa kipimo kilichowekwa.

Nao mlango wa kurudishiwa ukazi? Ulifunguliwa upya kwa sheria iliyoanza Julai 2010, ukafungwa baada ya miaka mitatu. Aliyetaka kuingia alitakiwa kuonyesha kwamba alikuwa akikaa Slovenia kweli, au kwamba alitoka kwa sababu zilizotajwa katika sheria. Aliyefukuzwa aliweza kuonyesha. Lakini aliyeondoka mwenyewe kwa kukosa kazi na chakula, akaenda kuanza maisha Ujerumani au Serbia, asisikie habari za sheria ile mpaka muda umekwisha, alibaki nje. Na wengi wa namna yake walibaki pia nje ya malipo. Katika watu 25,671 waliohesabiwa mwaka 2009, waliokuwa wamepata uraia wa Slovenia wakati ule walikuwa 7,899. Wale ambao hali yao haikuwa imetengenezwa, wala mahali walipo hapakujulikana, walikuwa 13,426.

Waziri wa Mambo ya Ndani aliomba msamaha mwaka 2010. Mwezi wa Februari 2022, miaka thelathini ilipotimia, Rais Borut Pahor aliomba msamaha kwa jina la dola nzima. Baadhi ya waliofutwa walikuwa wamekwisha kufa, na miongoni mwa waliobaki walikuwako ambao hata siku ile hawakuwa na karatasi za nchi iliyokuwa ikiwaomba msamaha.